Mishipa ya miguuni: soksi, sindano au kisu? Madaktari watatu, majibu matatu

#1 Mwalimu wa Zamu
Wakuu habari. Naomba mawazo, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

Nina miaka 43, watoto watatu, nafundisha sekondari hapa Morogoro mwaka wa 18 huu. Mguu wa kushoto mishipa imetuna kuanzia pajani kwa ndani, inashuka imejipindapinda kama mnyoo mpaka chini ya goti. Asubuhi naamka mzima. Kufika kipindi cha nane mguu mzito kama nimefungiwa tofali, usiku misuli inakaza naruka kitandani. Na sasa juu ya kifundo, upande wa ndani, ngozi imeanza kuwa nyeusi na inawasha.

Daktari wa kwanza: vaa soksi za kubana, inua miguu, nenda nyumbani. Wa pili, bingwa wa upasuaji: mshipa utolewe wote, uje tukulaze. Wa tatu, kliniki binafsi Dar: kisu cha nini karne hii, tunauchoma kwa ndani na leza, unatembea siku hiyo hiyo. Aliponitajia bei nikatembea kweli siku hiyo hiyo, kurudi stendi ya Msamvu.

Swali ambalo hakuna aliyenijibu nikaelewa ni hili: ukiutoa au ukiuziba huo mshipa, damu itapita wapi?

#2 Konda Mstaafu
Nachukua kiti cha mbele. Ila hii habari ya kusimama naikataa mapema. Miaka 11 nimening'inia mlangoni mwa daladala Mbagala–Kariakoo, miguu yangu kama ya mbuni, hakuna mshipa hata mmoja.

#3 Mama Kulwa
Hiyo ni mimba, mwalimu. Mimi ya kwanza haikunifanya kitu. Ya pili, mapacha hawa, mishipa ilitoka miguuni na sehemu ambazo siwezi kuziandika hapa watoto wanasoma. Nesi wa kliniki akaniambia nisiguse kitu mpaka nijifungue, vingi vitanywea vyenyewe. Kweli, miezi mitatu baada ya kujifungua kule kusikoandikika kukawa shwari. Mguuni ndiyo imebaki mpaka leo.

#4 Mpwa wa Pangani
Huku kwetu mguu ukivimba, la kwanza ni matende na la pili umekanyaga kitu ulichotegewa. Dada umeshapima matende?

#5 Konda Mstaafu
#4 umeanza mapema na vya kukanyaga, uzi haujafika hata ukurasa wa pili.

#6 Mpasuaji Mchovu
Nimetoka zamu, nitaandika kirefu halafu nilale.

Kwanza matende. Kule ni minyoo inayoletwa na mbu na inaziba njia za limfu. Mguu unavimba wote, ngozi inakuwa nene kama ya tembo, huoni nyoka wa bluu chini ya ngozi. Zile dawa za kugawiwa mitaani mara moja kwa mwaka, ivermektini na albendazo, ni kwa ajili ya hiyo. Alichoeleza mwalimu ni kitu kingine.

Sasa damu. Damu ya mguuni inarudi moyoni kwa njia mbili. Barabara kuu ni vena (mishipa ya kurudisha damu) za ndani, katikati ya misuli. Hizo peke yake zinabeba karibu asilimia 90. Zile za chini ya ngozi ni vichochoro. Ndani ya vena kuna vali, vijimlango vinavyofunguka kwenda juu tu. Ukitembea, shavu la mguu linakamua vena, damu inapanda, vali inafunga nyuma yake. Vali zikilegea, damu iliyopanda inashuka tena. Inalundikana, mshipa unatanuka, na ukitanuka vali zinazidi kuachana.

Kwa hiyo mshipa wako ulioharibika haupandishi damu, mwalimu. Unaishusha. Tukiuziba, damu inahamia barabara kuu ambako ilitakiwa kuwa tangu zamani. Sharti ni moja: tuhakikishe barabara kuu iko wazi. Ndiyo maana mtu yeyote anayetaka kukukata, kukuchoma au kukudunga bila kukupima kwa ultrasaundi ya Dopla, ile inayoonyesha damu inavyokwenda, ukiwa umesimama, muage kwa heshima. Kati ya hao watatu, nani alikupima?

#7 Mwalimu wa Zamu
Hakuna. Wa pili alinigusagusa pajani akanikohoza.

#8 Mpasuaji Mchovu
Hilo la kukohoza si bure, ndivyo tulivyofundishwa kabla ya mashine. Ila halitoshi.

#9 Shemeji wa Wote
Wakuu na mimi nina tatizo la mshipa. Unashuka nikibeba mzigo, nikilala unarudi. Hizo soksi zitanisaidia?

#10 Mama Kulwa
Unashuka wapi?

#11 Shemeji wa Wote
Huko chini ya kitovu.

#12 Konda Mstaafu
Hahahaha! Soksi utaivalisha wapi shemeji? Hiyo ni ngiri. Kiswahili chetu hiki, kila kitu mshipa: ngiri mshipa, neva mshipa, shingo ikikaza mshipa.

#13 Mpasuaji Mchovu
#9 nenda hospitali, hiyo inashonwa. Ikishuka ikagoma kurudi na maumivu yakaanza, usingoje asubuhi.

Wanaume mlio kimya mkisoma: ipo pia ya kwenu halisi, varikosili, vena za korodani kutuna. Sababu ni vali zilezile. Mara nyingi ni upande wa kushoto kwa sababu vena ya kushoto inamwaga kwenye vena ya figo kwa pembe ya mraba. Inaweza kugusa uzazi. Haihusiani na dawa mnazouziwa stendi.

#14 Dada wa Muscat
Mimi nimefanya leza hapa Muscat mwaka juzi, mguu wa kulia, niwaeleze hatua kwa hatua maana nilikwenda natetemeka.

Nilisimama, wakanipima kwa ultrasaundi na kuuchora mguu mzima kwa kalamu, ukawa kama ramani ya mabomba ya maji. Nikalala. Sindano moja karibu na goti, wakaingiza waya mwembamba ndani ya mshipa mpaka karibu na kinena, wote wanautazama kwenye skrini. Kisha kazi inayochukua muda: ganzi. Wanadunga maji mengi yenye dawa ya ganzi kuuzunguka mshipa urefu wote, hayo ndiyo yanayokinga nyama isiungue. Hapo ndipo penye maumivu, sitawadanganya, vijisindano kama kumi hivi. Kuchoma kwenyewe sikusikia kitu, harufu tu kidogo. Vile vilivyojikunja chini ya goti wakavivuta kwa vitundu vidogo visivyohitaji hata uzi. Wakanivisha soksi, wakaniambia tembea. Nikatembea nusu saa kwenye korido.

Wiki ya kwanza paja linavuta kama kamba. Alama za damu kuvilia zilikaa wiki tatu. Uzito umeisha. Lakini mguu wa pili nao umeanza, basi sijui.

#15 Mtoto wa Makunduchi
Haya yote ya nini? Hijama. Damu chafu imekaa mguuni, itolewe. Wazee wetu walipiga chuku hapo hapo kwenye mshipa, mtu anaondoka mwepesi.

#16 Nesi Bibi
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimestaafu lakini hili siwezi kulipita.

#15 mwanangu, mshipa wa namna hiyo una shinikizo kubwa mtu akisimama na ngozi yake ni nyembamba kama ya vitunguu. Nikiwa zamu ya usiku aliletwa mama mmoja aliyejikwaruza tu bafuni. Kanga tatu zimelowa. Ndugu zake walimkalisha kwenye kiti mguu ukining'inia wakamfunga kamba pajani kwa nguvu, na hiyo kamba ndiyo iliyozidisha. Tulichofanya cha kwanza hakikuwa dawa. Tulimlaza chini, tukainua mguu juu kuliko moyo, tukabana palepale panapotoka damu kwa kitambaa safi. Dakika kumi, imesimama.

Wekeni hilo kichwani: laza, inua, bana, halafu hospitali. Na wembe usikaribie mshipa huo.

#17 Konda Mstaafu
#15 na chuku zako unapiga chuku.

#18 Mtoto wa Makunduchi
Cheka tu. Babu yangu alifanyiwa akaishi miaka 90.

#19 Nesi Bibi
Na mshipa wake uliisha?

#20 Mtoto wa Makunduchi
Haukuisha, lakini hakuulalamikia tena.

#21 Kinyozi wa Sinza
Mimi nasimama masaa 12 na ninao. Baba alikuwa nao, shangazi anao, dada yangu mhasibu anayekaa kwenye kiti siku nzima anao. Kwa hiyo #2 una haki nusu. Kwetu ni damu ya ukoo, kusimama kunazidisha tu.

Soksi nimevaa miaka mitano. Kuna vitu hawawaambii. Unaivaa kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa bado haujajaa. Ukishakunywa chai umechelewa, utavutana nayo mpaka jasho. Namba zimeandikwa kwenye boksi kwa milimita za zebaki: 15 hadi 20 ni za safari, mimi natumia 20 hadi 30. Upimwe kifundo na shavu la mguu kwa tepu, usinunue kwa kukisia. Ikikunjamana chini ya goti inageuka kamba. Na Januari ya Dar, ndugu zangu, ni adhabu. Usiku navua.

Zinasaidia? Siku nikiivaa nafika saa mbili usiku. Nisipoivaa, saa kumi jioni natafuta stuli. Mishipa yenyewe iko palepale.

#22 Msomi wa Bunju
Nikusahihishe kidogo mkuu #21, siyo wewe hasa bali daktari wa kwanza wa mwalimu. Uingereza mwongozo wao wa mwaka 2013 umepanga hivi: kwanza kuchoma kwa joto ndani ya mshipa (leza au mawimbi ya redio), haiwezekani basi sindano ya povu, haiwezekani basi upasuaji. Soksi siyo tiba ya kumpa mtu anayefaa kutibiwa, wamesema wazi.

#23 Kinyozi wa Sinza
Uingereza kuna bima na baridi.

#24 Nesi Bibi
Wote wawili mko sawa. Ila soksi kali siyo za kila mtu. Mwenye kisukari cha muda mrefu, mvutaji sigara mwenye miguu ya baridi, anayeumwa mashavu ya miguu akitembea kidogo, wapimwe kwanza mishipa ya kuleta damu. Ukimbana mtu ambaye damu haifiki vizuri vidoleni unamletea kidonda.

#25 Mzee Kifua
Msikimbilie kung'oa mshipa. Huo mnaoutupa ndio madaktari wa moyo wanaoutumia kuchepushia damu mishipa ya moyo ikiziba. Tangu mwaka 1967 alipoanza yule Muargentina Favaloro kule Cleveland, akiba ya mtu iko mguuni mwake. Mimi nina kovu kutoka kifundo mpaka goti, na ninaandika hapa kwa sababu ya mshipa huo. Mwalimu ukiutoa leo, ukifika miaka 65 watachukua wapi?

#26 Mwalimu wa Zamu
Mzee wangu shikamoo. Sasa umenitisha kweli.

#27 Mpasuaji Mchovu
Mzee #25 hoja yako ni nzito na ndiyo maana hatung'oi mshipa wenye afya. Ila uliokwisha kutanuka na kujipinda mara nyingi haufai kupandikizwa moyoni. Na anao mguu wa pili. Hata wa mkono au ateri (mshipa wa kupeleka damu) ya kifuani hutumika.

#28 Mzee Kifua
"Mara nyingi." Nimelisikia hilo neno.

#29 Ustadh Msamiati
Kwa faida ya jukwaa: mshipa wenyewe unaitwa safena. Neno ni la Kiarabu, safin, uliojificha. Wazungu walilichukua kwa matabibu wa Kiarabu.

#30 Msomi wa Bunju
Wengine wanasema ni la Kigiriki lenye maana ya unaoonekana wazi.

#31 Konda Mstaafu
Mmoja anasema umejificha, mwingine anasema unaonekana wazi. Hata jina lenyewe lina madaktari wawili.

#32 Binti Mwanga
Samahanini, mimi yangu siyo minene. Ni vimishipa vidogo vyembamba, vyekundu na zambarau, kama utando wa buibui mapajani na kwenye mashavu ya uso. Haviumi. Nataka viondoke tu, nina harusi ya dada Desemba. Leza ya juu ya ngozi inafaa?

#33 Mpasuaji Mchovu
Hivyo viko chini ya milimita moja, havina hatari. Tiba yake ya kawaida miguuni ni sindano nyembamba sana ya dawa inayokausha ukuta wa mshipa, kama polidokano, vikao kadhaa. Ngozi yetu ina rangi, kwa hiyo alama ya kahawia ikibaki kufuata mstari wa mshipa inaweza kukaa miezi. Leza ya juu ndiyo ya kuogopa zaidi kwa mweusi: mwanga unamezwa na rangi ya ngozi kabla haujafika kwenye mshipa, unaishia na madoa ya kuungua. Kuna mashine yenye mawimbi marefu, nanomita 1064, iliyo salama zaidi kwetu mikononi mwa anayeijua. Kwa Desemba umechelewa, utakwenda harusini na michubuko.

Ila mashavuni? Swali la mtu mzima: unapaka nini?

#34 Binti Mwanga
Losheni tu ya kawaida.

#35 Mama Kulwa
Losheni tu ya kawaida iliyochanganywa na nani?

#36 Binti Mwanga
Dada wa dukani anachanganya mwenyewe, hana jina kwenye kopo 🙈

#37 Nesi Bibi
Mkorogo. Mjukuu wangu, humo mara nyingi kuna steroidi. Inakondesha ngozi mpaka vimishipa vya chini vinachungulia. Utalipa sindano leo, kopo litavirudisha kesho. Na usiache ghafla peke yako, uso utawaka. Muone daktari wa ngozi akushushe polepole.

#38 Shemeji wa Wote
Kumbe si mimi peke yangu niliyeumbuka humu.

#39 Mlinzi wa Usiku
Mimi nilifanya sindano ya povu. Daktari ana mabomba mawili ya sindano na kiungo kidogo chenye njia tatu katikati, anasukuma dawa na hewa huku na huku mpaka inakuwa povu kama la sabuni, halafu anaidunga akiangalia ultrasaundi. Dakika ishirini nimemaliza, lindo lile lile la usiku nikaingia. Bei ilikuwa chini mno kuliko leza. Mwaka wa pili mshipa ukarudi, nikadungwa tena. Sasa naona kama unachungulia mara ya tatu.

#40 Dada wa Muscat
Ndiyo nilichoambiwa na mimi, kwamba povu ndilo linalorudiwa zaidi.

#41 Mlinzi wa Usiku
Ndiyo, lakini sindano tatu bado hazijafika leza yako moja.

#42 Mpwa wa Pangani
Duka la dawa walimpa mama yangu vidonge vya diosmini kwa ajili ya miguu. Kufika nyumbani mjomba akaviona akasema hivi vyangu, vya bawasiri. Ikawa ugomvi, nani kaiba vya nani.

#43 Mpasuaji Mchovu
Ni vilevile. Bawasiri nayo ni habari ya vena. Kwa baadhi ya watu vinapunguza uzito na uvimbe. Vali havirekebishi.

#44 Msomi wa Bunju
Kuna jemadari wa Roma, Gaius Marius, alikatwa mishipa hii mguu mmoja bila ganzi, bila kufungwa, bila kupiga kelele. Daktari alipogeukia mguu wa pili akakataa, akasema tiba hailingani na maumivu yake. Miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita hiyo.

#45 Mwalimu wa Zamu
Na mimi nina mguu mmoja tu wa kukatwa, angalau nimemzidi hapo.

Wakuu, mrejesho. Nimepigwa Dopla jana. Vena za ndani ziko wazi. Safena ya kushoto inavuja kuanzia kinena mpaka goti, kipenyo milimita 9. Kulia safi. Aliyenipima akaniuliza kama baada ya kujifungua huyu wa mwisho mguu uliwahi kuvimba ghafla mmoja. Nikakumbuka uliwahi, wiki mbili, tukasema ni uchovu. Akaguna, akaandika, hakunieleza.

#46 Mpasuaji Mchovu
Alikuwa anafikiria donge la damu la zamani kwenye vena ya ndani. Likiyeyuka huacha vali zimeharibika, na hapo hata tukitoa ya juu, uzito unaweza kubaki. Kwenye karatasi wameandika vali za ndani zinafunga au zinavuja? "Wazi" na "zinafunga" ni vitu viwili.

#47 Mwalimu wa Zamu
Wameandika "wazi" tu.

#48 Mama Kulwa
Si nilisema ni mimba?

#49 Kinyozi wa Sinza
Na mama yako mzazi je, mwalimu? Miguu yake?

#50 Mwalimu wa Zamu
Mama alikuwa na kidonda ndugu hapo hapo juu ya kifundo, upande huo huo wa ndani. Miaka saba. Alikufa nacho. Sikuwahi kufikiria kuwa ni kitu kimoja.

#51 Nesi Bibi
Pole mwanangu. Ni kitu kimoja, mara nyingi sana. Tulivisafisha vile vidonda kwa miaka bila kuuangalia mshipa unaovilisha. Uingereza walipima, matokeo yakatoka 2018: wenye vidonda waliozibwa mshipa mapema walipona kwa siku 56 hivi, waliofungwa bendeji za kubana na kusubiri siku 82. Ngozi yako kuwa nyeusi na kuwasha ndiko kilikoanzia cha mama. Usingoje.

#52 Mzee Kifua
Hapo hata mimi nanyamaza. Lakini uliza kuhusu mshipa wa kulia, uachwe, wasiuguse.

#53 Mwalimu wa Zamu
Asanteni. Bima yangu inalipa kisu, leza hailipi, povu hawajui wanaliweka fungu gani. Leo nimekwenda kwa daktari mwingine na karatasi ya Dopla. Amesema nirudi kupimwa vali za ndani, nivae soksi mpaka mitihani ya kidato cha nne iishe Novemba, halafu anichome kwa mawimbi ya redio juu na kunidunga povu chini ya goti.

#54 Konda Mstaafu
Badilisha kichwa cha uzi basi. Madaktari wanne, majibu manne.

#55 Shemeji wa Wote
Mimi nashonwa Jumanne. Kinyozi, hizo soksi umesema duka gani? Ni za mke wangu.